Dastani Mchopa na Motokaa Iliyokunywa Maji

Ndugu mliofika hapa Masasi leo Jumamosi, tarehe 10 Aprili 1915, kumzika Dastani Mchopa, naomba mnisikilize. Anayesoma ni mimi Bwanali Mchopa, mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu wa shule ya misheni. Karatasi hii nimeiandika mara nne, na kila nikifika katikati nachanganyikiwa narudi mwanzo. Mkiniona nakwama, mnivumilie. Nakala ziko tatu, zote kwa mkono wangu. Moja itakaa kanisani, moja ni ya mjane, na ya tatu nitawaambia inakokwenda nikifika mwisho.

Marehemu alizaliwa Mkunya, upande wa Newala, kule juu mlimani, mwaka 1882. Hapo tu nimeshakwama. Kitabu cha ubatizo kinasema 1884. Mama yetu, Bibi Sikuzani, aliyekaa pale mbele, anasema alimzaa kichakani mwaka ule Wagwangwara, yaani Wangoni, walipoivamia Masasi, watu wa kule juu wakajificha kwa hofu kwamba watapanda hadi kwao. Wagwangwara walikuja 1882, hilo nina hakika nalo. Nilipomwonyesha mama kile kitabu, aliniuliza kama aliyekiandika alikuwepo siku ile anajifungua. Basi nimeandika 1882.

Alisoma shule ya misheni Newala tangu 1892 hadi 1897. Kusoma alijua, lakini alichelewa, na mimi mdogo wake nilimpita, jambo ambalo nililisema mara nyingi kuliko ilivyopasa. Mwalimu akiandika herufi ubaoni, wenzake walitazama herufi, yeye alitazama jinsi ubao ulivyoungwa miguu. Siku moja akaja darasani na ubao wa urefu wa kiganja, una miguu mitatu, unakunjuka na kukunjika kama ule mkubwa. Mwalimu alimchapa viboko vinne kwa kupoteza wakati. Kisha akauweka ule ubao mezani kwake, na ulikaa pale mpaka alipohamishwa, akaondoka nao.

Mwaka 1898 alishuka Masasi akaajiriwa karakana ya useremala. Milango ya nyumba nyingi za hapa kwetu ni kazi ya mkono wake, na mnajua kwamba haikwaruzi chini. Lakini jioni kazi yake ilikuwa nyingine: kutengeneza vitu vikubwa vikawa vidogo. Alikuwa na kamba yenye mafundo, kila fundo mkono mmoja. Akikiona kitu alikipima kwa kamba hiyo, na kila mkono mmoja wa kitu chenyewe aliufanya upana wa vidole viwili. Hakuruhusu kuongeza wala kupunguza. Alitengeneza machela, cherehani, baiskeli ya padre, na mzinga wa bomani ambao aliupima kwa macho tu kwa kuwa askari walimfukuza. Watu waliuliza vina kazi gani. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: ni vya kutazama. Mimi niliona haya. Mtu mzima, fundi, anachonga vya kutazama!

Sasa nafika mwaka 1905, na naomba mama anisamehe. Maji ya dawa yalipofika huku, baba yetu aliyanywa. Aliambiwa risasi zitageuka maji, akaamini, akaenda na wenzake kupigana na serikali, na hakurudi. Misheni yetu hii ilichomwa mwezi Agosti mwaka ule ule. Kaka alitupandisha mama na mimi tukajificha Newala, na kwa muda wa miezi minane tulikula mihogo ya watu. Tangu hapo nyumbani kwetu neno hilo la maji ya dawa halikutamkwa. Mimi hata nikiona kibuyu kimefungwa kitambaa mdomoni, nilikuwa nageuza njia. Nasema haya ili yatakayofuata yaeleweke.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 21 Juni 1908 na Ethel, ambaye sote twamwita Mama Josephina. Miaka ile alikuwa anapanda mlimani mara kwa mara kununua mpira wa porini kwa ajili ya wafanyabiashara. Wagemaji hupaka ule utomvu mkononi ukakauka, kisha huubandua. Kaka naye alijifunza, akawa anaviringisha vipande vyembamba kuwa magurudumu ya baiskeli zake ndogo. Siku ya harusi mkono wake wa kushoto haukuwa na unywele hata mmoja, ila wa kulia ulikuwa na nywele tele. Shangazi zake bibi harusi waliogopa wakadhani ni ugonjwa, wakataka harusi isimame. Ethel akawaambia yeye haolewi na mkono. Tulicheka mpaka chakula kikapoa.

Mwaka 1911 Bwana Sadallah, mfanyabiashara wa hapa sokoni, alimletea kitu kilichomgeuza akili. Kilikuwa kigari cha bati, mfano wa motokaa, cha kuchezea watoto wa Kizungu, alikipata Lindi kwenye takataka za nyumba moja, hakina magurudumu, kimebonyea, rangi imebanduka. Kaka alikikalisha mezani wiki sita. Alikinyoosha bati kwa kijiti cha mpingo, akakiwekea magurudumu ya mpira, akakipaka rangi nyekundu aliyoisaga mwenyewe kutoka kwenye magome. Sadallah alipokiona alikaa chini. Lakini kaka hakuridhika. Alisema aliyekitengeneza kigari hicho hakuwahi kupima motokaa yenyewe, milango haikuwa sawa na viti. Jamani, kaka yangu naye motokaa alikuwa hajaiona!

Basi Septemba 1913 akafuatana na Sadallah na mizigo yake mpaka Lindi, kwa miguu, siku sita, kwa sababu alisikia kuna motokaa imeshushwa kwa mwenye shamba mmoja. Aliikuta. Aliizunguka siku mbili na kamba yake ya mafundo. Dereva alimwacha, nadhani alidhani ni mwendawazimu asiye na madhara. Aliporudi alijifungia na mbao za mninga, akaitoa motokaa yake mwezi Mei mwaka jana. Ilikuwa urefu wa vidole kumi na vinne. Milango inafunguka, usukani unageuza magurudumu, taa ni mbegu mbili alizozing'arisha. Na ilikuwa na midomo miwili ya kunyweshea, mmoja mbele penye pua, mmoja nyuma ya kiti. Ule wa mbele niliuona nikamwambia amekosea, mdomo ni mmoja tu. Yeye akaendelea kusugua taa. Kaka alikuwa hajibu mtu aliyekwisha kuamua, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua.

Vita vilipoanza akaanza kuchonga ndege Ulaya, ile inayobeba mtu angani. Hakuiona. Aliwauliza watu watatu waliosema wameiona Dar es Salaam. Wa kwanza alisema ina mabawa mawili, wa pili akasema manne, wa tatu akasema inapiga mabawa kama kunguru. Akaichonga, akaibomoa, akaichonga tena. Iko darini kwake mpaka leo, ina bawa moja, nami sielewi lile jingine lilipaswa kukaa wapi.

Haya. Tarehe 12 Januari mwaka huu, siku ya Jumanne, kaka alikuwa uani kwake na ile motokaa. Wapita njia walisimama kutazama. Alichukua kibuyu kidogo, akamimina maji kwenye mdomo wa mbele, taratibu, asimwage hata tone. Mmoja wa waliosimama alikuwa Bibi Stamili, jirani yetu. Wanawe wawili walikwenda na baba yetu 1905, na huyu wa tatu, Mussa, aliyebaki, alikuwa ameandikwa upagazi wa vita, aondoke kesho yake. Bibi Stamili alipiga goti akaomba apewe yale maji akamnyunyizie mwanawe. Kaka hakuelewa anaombwa nini. Kwake yalikuwa maji ya kisima. Akampa kibuyu chote.

Kabla jua halijatua habari ilikuwa imefika sokoni kwamba Dastani Mchopa ana maji. Waliotaka walikuja kuomba, wasiotaka walifunga milango. Asubuhi yake akida, mkubwa wa serikali hapa kwetu, akaja na askari wanne. Kaka aliambiwa aeleze. Akaeleza: hii ni motokaa, ndivyo inavyonyweshwa. Akida hakuwa ameona motokaa maishani mwake. Akaagiza aitwe mwalimu. Nikaitwa mimi.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipokuwa narudi mwanzo kila mara. Leo sirudi.

"Wewe ndiye msomi," akida akaniambia mbele ya watu. "Motokaa inakunywa maji?"

Motokaa sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimesoma gazetini tu kwamba inakwenda kwa mafuta. Kaka alinitazama, hakuomba kitu, alingoja tu kama mtu anayengoja kipimo kisomwe. Ningeweza kusema sijui, au kwamba kaka yangu hajawahi kusema uongo. Lakini niliulizwa kama msomi nami nikataka kuonekana najua. Na kibuyu kingine cha kaka kilikuwa pale chini, nami nilitaka kiondoke mbele yangu.

"Hapana, bwana akida," nikasema. "Inakunywa mafuta."

Wakamfunga. Motokaa wakaichukua. Alikaa kwenye mnyororo miezi miwili akivunja mawe ya barabara kwenye mvua. Aliachiwa Jumatatu tarehe 15 Machi kwa sababu ya kukohoa, akaletwa amebebwa. Kichomi kilikuwa kimeshika mbavu zote mbili. Tulimpeleka kwa matabibu wa misheni ya Ndanda kwa machela, wakamtibu kwa upole siku tisa, wakatuambia tumrudishe kwake.

Nilikaa naye kila siku baada ya shule. Hakunilaumu, na hilo lilinichanganya zaidi kuliko kama angenitukana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaulizia kama mpira umeshuka bei. Siku ya Pasaka, Mama Josephina alipotoka kuchota uji, akaniuliza.

"Ulimwambia mafuta?"

"Ndiyo, kaka."

"Mafuta yanaingia nyuma, Bwanali. Maji mbele."

Nilidhani ni homa. Mungu wangu, nilimpoza kwa kitambaa nikamwambia alale. Alifariki jana Ijumaa, tarehe 9 Aprili, alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili au mitatu.

Jana hiyo hiyo, baada ya swala ya Ijumaa, Bwana Sadallah, ambaye tangu Desemba alikuwa safarini, alifika msibani. Alikuwa na kitu ndani ya kanga. Alikwenda kwa akida akakiomba, akakipata, sijui kwa maneno gani. Ilikuwa ile motokaa, taa moja imeng'oka. Alipotoa pole nikamwuliza, nikijua jibu, nikitaka tu kulisikia: kule Lindi, waliinywesha nini? Akasema waliinywesha viwili. Mafuta nyuma ya kiti, na maji mbele penye pua, debe zima kila asubuhi, kwa sababu moto wake ni mkali na bila maji inapasuka. Alisema kaka aliomba kulishika lile debe, akaruhusiwa, akamimina mwenyewe, na njia nzima ya kurudi hakuwa na hadithi nyingine.

Basi midomo miwili haikuwa makosa. Kaka alipima, mimi nilisoma gazeti. Akida alipotaka kujua, hakumwamini aliyepima, akaniuliza mimi.

Bibi Stamili yuko hapa, nimemwona na kibuyu chake. Mussa amerudi juzi mzima, hana hata mkwaruzo, na bibi amekuja kushukuru kwa yale maji. Nimemwambia yalikuwa ya kisimani. Ameniambia anajua yalitoka kisimani, lakini yalitoka kwa nani? Nimemsogezea mkeka. Mwalimu mzima nimefundishwa. Bibi, keti nasi, wewe ndiye peke yako uliyemshukuru.

Waliokataa kuja leo kwa kuwa wanasema tunazika mganga wa maji, tutawaachia wenyewe. Ila nakala ya tatu ya karatasi hii ni ya akida. Nitampelekea Jumatatu asubuhi kwa mkono wangu, pamoja na motokaa, na nitaimwagia maji mbele yake nikimweleza aliyekosea ni nani. Mama amenikataza. Amesema ameshazika mume bila mwili na leo anazika mwana, hataki wa tatu. Naogopa, sitaficha. Lakini nikinyamaza, kitabu cha bomani kitaendelea kusema Dastani Mchopa alikuwa na dawa, na Josephina ataolewa na jina hilo.

Marehemu ameacha mama, Bibi Sikuzani, mjane, Ethel, mabinti wawili, Josephina na Kurwa, mdogo wake, ambaye ni mimi, kamba moja ya mafundo, na ndege yenye bawa moja, ambayo Kurwa amesema isiguswe na mtu.

Bwana ampe fundi wake pumziko jema, mahali ambapo kila kitu kimepimwa sawasawa. Nami, Bwanali Mchopa, nasema mbele ya kaburi lake neno nililopaswa kulisema mwezi wa Januari, alipokuwa hai ananitazama: kaka, motokaa inakunywa maji.