Yupi Alikuwa Akiimba

Benchi letu la Jericho ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, ukutani kwa duka lililofungwa, na Barre huweka jiko lake la kahawa upande wa kivuli. Hapo hukaa Bedan Njogu, aitwaye Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku ila hakosi kusikiliza kesi za watu kortini Makadara. Phares Mbuthia, mchinjaji wa Soko la Burma, aitwaye Mizani. Caleb Omolo, mstaafu wa reli, ambaye bado tunamwita Signali. Na mimi, msikilizaji. Jumamosi moja ya mwaka 1981, Signali alikuja na tundu. Ndani mlikuwa na ndege mweupe mwenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa. Wote walimwita kasuku. Jina lake ni kokatieli, na asili yake ni Australia. Walikuwa wawili, ndege wa marehemu mkewe, Norah. Mmoja alikufa Jumanne, na huyu aliyebaki hakuwa amegusa mtama tangu siku hiyo.

— Habibo wa Eastleigh anahama leo, alisema Signali. Basi lake ni saa sita. Ana dume na jike kama huyu. Ananipa mmoja, mwingine amemwahidi dada yake. Sasa lazima nijue huyu ni dume ama jike. Nikikosea watadonoana mpaka mmoja afe. Na nikimwacha peke yake, hafiki Jumatatu.

— Na Habibo, wake anawajuaje? aliuliza Mizani.

— Alimwona mmoja akitaga. Kwa macho wanafanana, weupe wote.

— Kesi imekwisha, alisema Hakimu. Ana kishungi kama jogoo. Huyo ni dume, bwana.

— Na yule aliyekufa hakuwa na kishungi? aliuliza Mizani.

— Alikuwa nacho, alisema Signali.

— Haya! Madume wawili tundu moja, na hawakudonoana. Hakimu, umejifunga mwenyewe. Mimi nimepasua kuku wengi kuliko kesi ulizosikiliza. Jike anajulikana kwa nyonga. Nipe nimshike.

— Huo mkono ni wa fahali, Mizani, alisema Signali. Utamvunja.

Mizani aliingiza kidole tu. Ndege hakumdonoa, wala hakusogea. Mizani akakitoa kidole polepole.

— Hata hasira hana, alisema.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Hakimu. Tungoje atage.

— Saa sita, Hakimu, alisema Signali. Leo.

— Basi fungua redio. Akitega sikio wakati wa habari, ni dume. Akichangamka kwa kipindi cha salamu, ni jike.

— Kwangu mama watoto ndiye husikiliza habari, mimi nasinzia, alisema Mizani. Kwa hiyo mimi ni jike?

— Umesema mwenyewe, na korti imesikia.

— Wee buda! Mwite majina, la kiume na la kike. Sema Omolo, halafu sema Atieno, uone anageukia lipi.

Hakimu aliita yote mawili, kwa sauti ya karani wa korti. Ndege alitazama sakafu ya tundu.

— Mficha uchi hazai, alisema Mizani. Ndiyo sababu hatujaona yai.

Signali hakucheka. Alikuwa akiangalia saa.

Ndipo akaja mama mgeni, Nthoki, aliyehamia mtaani wiki hiyo, na kikombe chake mkononi. Aliinama akatazama.

— Habari zenu, wazee. Hawa nimewaoshea tundu kwa mwajiri wangu Parklands miaka saba. Weupe hawajulikani kwa rangi. Lakini dume ndiye hushika wimbo. Jike hulia tu.

— Mmoja alikuwa anaimba! alisema Hakimu. Norah alimfundisha wimbo wa kanisani. Mimi niliusikia ng'ambo ya ukuta. Tangu tumzike Februari, wote walinyamaza.

— Basi ni rahisi, alisema Nthoki. Mzee, yupi alikuwa akiimba? Huyu, ama yule aliyekufa?

Signali alifungua kinywa.

— Tundu lilikuwa jikoni, alisema.

— Ndiyo, mzee. Yupi?

— Waliimba asubuhi... aliimba asubuhi. Na asubuhi mimi...

Aliutazama ubao aliokalia. Miaka sita tangu astaafu, tulimkuta hapo kila siku kabla Barre hajawasha jiko, na tulimsifu kwa hilo.

— Siku moja aliniita, alisema. "Caleb, njoo umwone anavyoinama akiimba." Nikamwambia kahawa inapoa.

Mizani alijifuta kidole kwenye aproni, kidole ambacho kilikuwa safi. Barre aliinamisha birika juu ya kikombe cha Nthoki, zikatoka chicha za kahawa tu.

Ilikuwa saa tano na nusu. Signali alipakata tundu, akakaza midomo, akaanza kupiga mluzi wimbo wa Norah. Ndege aliinua kishungi, akamgeuzia kichwa, akangoja. Signali alifika mstari wa pili akakwama, uliobaki hakuujua. Alianza tena tangu mwanzo, akakwama pale pale.

Kishungi kikalala.