Ufunguo wa Pili wa Barnabé Mugisho

Wachungaji, majirani wa Makindye, ndugu tuliotoka Bukavu pamoja, mimi ni Mushagalusa, mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nina woga, wala sina aibu kuusema.

Kaka yangu Barnabé Mugisho alizaliwa Bukavu tarehe 9 Machi 1979, akasoma hukohuko hadi vita vilipotutoa, tukafika Kampala Novemba 1998, tukapanga chumba Namuwongo karibu na reli, akasomea kompyuta jioni, akahitimu mwaka 2004.

Tarehe 4 Mei 2009 aliajiriwa na shirika moja kule Nakasero kusimamia leseni za programu, yaani kuangalia nani anatumia ipi, na kumnyang'anya aliyeacha kuitumia, ili shirika lisilipie kitu kilicholala, wenzake wakinuna yeye anacheka tu. Alifunga ndoa na Huguette tarehe 18 Desemba 2010, Mungu akawapa Victoire na Blaise.

Agosti mwaka jana wakubwa walimwamuru afute kila akaunti ambayo haijafunguliwa kwa miezi sita, hata ile ya msimamizi wa pili, iliyowekwa ili yeye akipatwa na jambo mwingine aweze kuingia, akawasihi sana, wakamjibu kwamba kisichotumika ni hasara, akaifuta. Tangu hapo kila idhini ilipitia simu yake ya kazi peke yake, naye akaanza kuogopa hata kuvuka barabara.

Ugonjwa wa ini ulimshika Januari, akalazwa tarehe 4 Februari, na pale kitandani watu wa shirika walimjia asubuhi na jioni, akawasomea namba za idhini zinazoingia kwenye simu huku anahema, Huguette akiwafukuza wanarudi, mpaka fahamu zikampotea kabla hajampa mtu namba ya siri ya simu, akafariki Jumanne tarehe 19 Februari 2019.

Jana walitufuata mochwari na simu hiyo, wanataka tumfunue waibandike kwenye kidole gumba chake ili ifunguke, maana leseni zote zinakwisha leo na bila simu hiyo haziwezi kuhuishwa, na tukikataa watamshtaki Huguette kwa kulihujumu shirika, na sisi wakimbizi, jamani, neno polisi tu linatukosesha usingizi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na ninyi wafanyakazi wenzake, ambao nawaona mmesimama pale karibu na sanduku, asanteni kwa maua, ninawaogopa kweli, lakini sanduku halifunguliwi.

Kaka, pumzika kwa amani.