Bawa, Fundi wa Dari

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, hebu inueni macho mtazame dari. Mimi natazama dari la studio hii. Limenyooka, halina hata ufa. Aliyelipiga plasta ni mama mmoja aliyeambiwa kwamba mkono wake hautapanda tena juu ya bega. Mama huyo tumemzika jana. Tulimwita Bawa.

Bawa alikuwa fundi wa plasta. Kazi yake ilikuwa dari, kazi ambayo mafundi wengi huikwepa, maana kila kinachodondoka hukupata usoni. Na alikuwa na jeuri yake, msinione namsema marehemu. Mfuko wa saruji hakuupandisha ghorofani kwa kamba. Aliubeba begani, bega la kulia, lile lile kila siku. "Kamba ni ya wavivu," alikuwa akisema.

Siku moja mkono ukagoma. Aliinua mwiko, ukaishia kifuani. Jioni bintiye alikuwa akimfunga vifungo vya gauni mgongoni, mara akapiga kelele. "Mama! Kombe la bega limechomoza kama bawa la kuku!"

Jirani mmoja, mkandaji wa viungo, akasema mfupa umeteguka. Akauvuta mkono. Akauvuta tena. Usilolijua ni usiku wa giza, wasikilizaji. Maumivu yakazidi.

Hospitalini daktari alimwambia asukume ukuta kwa viganja. Kombe likatokeza nje. Daktari akaeleza: kuna msuli ubavuni unaolishikilia kombe la bega lisibanduke. Msuli huo hupata amri kupitia mshipa mwembamba wa fahamu. Mizigo imeukandamiza mshipa, na msuli umelegea. Narudia: mfupa ni mzima, ulioumia ni mshipa. Wengine huumia kwa ajali, wengine baada ya upasuaji, wengine hata baada ya homa tu.

"Wengi hupona," daktari alisema, "ila polepole. Miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Acha mizigo, fanya mazoezi utakayofundishwa. Ikishindikana, kuna upasuaji."

Msimamizi wa ujenzi hakuwa na subira hiyo. Alisikia habari ya bawa la kuku, akaligeuza jina la kejeli. "Bawa limevunjika, halipandi tena," akatangaza mbele ya watu, akamweka stoo kulinda misumari. Bawa akachukua rangi nyekundu, akaliandika jina hilo kwenye ndoo yake, herufi kubwa. Bintiye alipomuuliza kwa nini, alisema, "Wacheke wachoke. Dari nitalirudia."

Akaanza kusukuma ukuta wa stoo, kama mtaalamu wa mazoezi alivyomwelekeza. Mafundi wakamtania: "Mama, unahamisha nyumba ya watu?"

"Naizuia isiwaangukie," akawajibu, akaendelea kusukuma.

Ikapita miezi. Mwiko ukafika kidevuni, halafu kwenye paji la uso. Siku ya kupiga plasta dari la studio hii, alikuja bila kuitwa. Safari hii saruji ilipanda kwa kamba. Yeye akapanda jukwaani, na mkono ukapanda naye. Tonge la plasta likamdondokea msimamizi kwenye kipara. Hakuombwa radhi.

Kombe lile halikulala kabisa hadi mwisho. Kwenye harusi ya bintiye, fundi cherehani alimletea mtandio wa kuufunika mgongo. Akaurudisha. "Mgongo huu ndio uliokulea," alimwambia bibi harusi. "Nimfiche nani?"

Moyo ndio uliomchukua, si bega. Kwa bintiye, wajukuu na mafundi wenzake: poleni sana, nasi tumefiwa.

Na wewe uliye na mfuko begani sasa hivi, utue kwanza. Mkono ukigoma, nenda hospitali, usikubali kuvutwavutwa. Na kama yupo aliyekwambia kwamba umekwisha, mlete hapa studioni. Mlango uko wazi. Mwambie ainue kichwa atazame juu.