Shubiri za Shangazi

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha Shangazi, mfumaji wa masweta ambaye haoni tangu utotoni. Mimi nauza kahawa hapo, mwanangu mgongoni. Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto kwake apimiwe sweta. Shangazi hatumii futi, anapima kwa shubiri, kiganja kimetanuliwa kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. Alimlaza mwanangu mapajani, akapima mgongo, akapima kifua, akarudia kifua. Kisha akaushika mkono wangu akauweka chini ya mbavu za mtoto. Kila akivuta pumzi, ngozi ilibonyea ndani. "Sweta litangoja, mwanangu," akaniambia taratibu. "Nenda hospitali sasa hivi." Mimi nilidhani ni mafua tu. Kumbe nimonia, na daktari alisema siku moja zaidi ingekuwa nyingi. Jana tuliruhusiwa. Nilitoka hospitali nikaja moja kwa moja benchini kusimulia, na leo benchi halina mada nyingine.

— Yule mama ana masikio yanayofika kwenye mapafu, alisema Fundi Baiskeli, akipokea kikombe. Anasikia hewa inavyopita, kama mimi ninavyosikia tairi lenye pancha.

— Masikio gani? akamkatiza Daktari. Tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kufagia wodi miaka miwili. Macho ya asiyeona huhamia vidoleni, akaendelea. Kila kidole, jicho. Shangazi ana kumi. Wewe una mawili, na juzi umegonga nguzo.

— Nguzo yenyewe imekaa vibaya.

— Aliweka mkono tu, nikasema. Nilikuwepo.

— Mama mtoto, wewe mimina kahawa. Haya mambo yana undani wake.

Redio akajisogeza mbele. Huyo ni dereva mstaafu, na jina alilipata kwa kutozimika.

— Wote mmepotea. Siri iko kwenye uzi. Miaka thelathini anafuma, uzi umemzoea. Mtoto akiugusa, homa inapanda juu kama simu inavyopita kwenye waya, inafika kwa Shangazi.

— Kwa hiyo mimi nikivaa sweta lake anajua nimekula nini? akauliza Fundi.

— Anajua. Anakustahi tu.

Tukacheka. Daktari hakucheka, aliona anapitwa.

— Ile mashine ya kupiga picha kifua mnaijua? Aliyeibuni alikaa kwanza na mtu kama Shangazi, akamwiga. Nimefagia chini yake miaka miwili, msinibishie.

— Hatubishi, Daktari. Ulifagia vizuri.

— Na siku ile ya mvua? akauliza Redio, safari hii kwa sauti ya chini. Jua linawaka, yeye anaanua masweta. Tukamcheka hapa hapa. Nani alilowa?

Hilo wote tuliliona. Fundi alikizungusha kikombe mkononi. Mimi nikawaambia habari ya muuguzi. Nilipomweleza aliyegundua ugonjwa ni nani na amegundua vipi, alikunjua kiganja chake. Akatanua vidole, akakitazama kama kitu alichopewa asubuhi ile.

Walitikisa vichwa polepole. Hata kelele za barabarani nadhani zilipungua.

Hapo akaja baba mmoja tusiyemjua, kamshika binti yake mkono.

— Samahanini ndugu zangu. Huyu mfumaji leo hafungui?

— Atafungua, kaka. Kaa upate kahawa.

— Jana nilikuja, palikuwa pamefungwa. Juzi pia. Hajafungua tangu lini?

Fundi alimtazama Redio. Redio akamtazama Daktari. Daktari akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini. Shukrani zangu zote nilikuwa nimezimaliza benchini, kwake sijafika. Mlangoni hapakuwa na kufuli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Nikabisha.

— Sukuma, komeo lenyewe bovu, ikasema sauti nyembamba.

Alikuwa amelala kando ya mashine yake ya kufumia, amejifunika masweta matatu ambayo bado hayana mikono, meno yanagongana. Nikamshika paji la uso, lilikuwa moto kama birika.

— Mtoto hajambo? akauliza.

— Hajambo, Shangazi. Karudi. Mbona hukutuita?

— Niliita mara mbili. Mlikuwa mnabishana kuhusu masikio yangu.

Hakusema kwa ubaya. Hata alitabasamu kidogo, akatafuta kwa mkono mguu wa mwanangu mgongoni kwangu, akaupata, akaushika.

Yule baba mgeni ndiye aliyemnyanyua, taratibu, kama amemjua siku zote. Binti yake alibeba viatu. Fundi alileta baiskeli, akakunja koti lake juu ya keria, tukamkalisha. Daktari akamshika upande huu, Redio upande ule. Birika nililiacha juu ya jiko pale benchini na kahawa yake, atakayepita anywe.

Tulikwenda hospitali bila mtu kusema neno. Hata Redio. Nilisikia pumzi ya Shangazi, fupi fupi, na nadhani kila mmoja alikuwa anaisikiliza hiyo hiyo.

Tulipofika kwenye kona, Shangazi akainua kichwa.

— Fundi, mnyororo wako umekauka.

— Ndiyo, Shangazi.

Hakuna aliyeuliza amejuaje.