Fondo Chande Karisa na Simu ya Pili

Marehemu Fondo Chande Karisa alizaliwa tarehe 9 Aprili 1971 katika kijiji cha Mnyenzeni, Kinango, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Chande Karisa na Mama Mapenzi. Alitanguliwa na ukame na kufuatwa na mvua, na mamake alipenda kusema kwamba mtoto yule aliingia katikati kama mtu anayeamua ugomvi.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini na ya sekondari Kwale, akamaliza mwaka 1989. Mwaka 1992 alijiunga na chuo cha ubaharia Mombasa. Huko alifundishwa kusoma ramani na nyota, na pia kazi ambayo watu wa nchi kavu hawaijui: katika meli za mizigo hakuna daktari. Mmoja wa maofisa hukabidhiwa ufunguo wa sanduku la dawa, na mtu akiugua, ofisa huyo humpima, humpigia daktari wa nchi kavu kwa simu ya setilaiti, kisha hutenda aliyoambiwa. Fondo aliipenda kazi hiyo kuliko nyota. Likizo ya kwanza alikuja nyumbani na furushi la bendeji, akajifunzia kwa mifugo. Mamake aliporudi kutoka kisimani alishika kiuno.

"Mbuzi wanne wamefungwa miguu. Nani aliyewavunja?"

"Hakuna aliyevunjika, mama. Najifunza."

"Basi jifunze kufungua."

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Bi. Eunice Jumwa, kanisani Kwale. Baharini, anayepokea ujumbe muhimu kwa simu huurudia neno kwa neno, ili aliyeutuma ajue kwamba umefika salama. Fondo alikuwa na ugonjwa huo hata nchi kavu. Eunice alipokubali posa yake, Fondo alimwambia, "Hebu rudia." Eunice akarudia, na tangu siku hiyo hakuacha kumtania. Walijenga Mwabungo na kujaliwa watoto wawili, Mapenzi na Karisa.

Mwaka 2001 alipokea melini kijana wa Ukunda aliyekuwa mwanafunzi wa uofisa, Feisal Abdulwahab. Alimfundisha zamu, simu na namna ya kurudia ujumbe. Kila likizo Feisal alikula Mwabungo, na watoto walimwita baba mdogo. Krismasi alikuja na tende, na Idi Fondo alikwenda Ukunda kula pilau. Watu walipomuuliza Fondo ana ndugu wangapi, alijibu watatu: Hasina na Zuma aliozaliwa nao, na Feisal.

Tarehe 14 Agosti 2018, meli yao ikitoka Karachi kwenda Durban, baharia mmoja aitwaye Boga, mtu wa Msambweni, alianguka akiwa kazini katika chumba cha mitambo. Fondo, wakati huo ofisa wa pili na mwenye ufunguo wa dawa, alimlaza katika zahanati ya meli na kumuuliza panapouma. Boga akamjibu kwa lugha ya nyumbani: "Chembe cha moyo, kaka."

Sisi wa huku tunajua kwamba mtu akisema hivyo ana njaa, ana kiungulia, au kitu kimemkaa juu ya tumbo. Fondo alielewa hivyo hivyo. Aliandika kwenye fomu "tumbo la juu", akapiga simu, na daktari akashauri vidonge vya kiungulia na kupigiwa tena baada ya saa moja. Kabla ya saa hiyo kwisha, Boga alikuwa akitiririka jasho la baridi na taya limemkaza. Fondo alijua kwamba chembe kile kilikuwa cha moyo wenyewe. Alipiga simu ya pili, akasahihisha kila kitu, na daktari akasema atashauriana na mwenzake kisha atapiga. Fondo alirudi kumshika mgonjwa. Jibu lilipokuja, saa kumi alasiri, alilipokea Feisal aliyekuwa zamu katika chumba cha kuongozea meli. Alishuka mwenyewe kulieleza.

"Daktari asema tuendelee kumwangalia tu."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, kaka."

Meli haikugeuka; kuigeuza humgharimu mwenye meli fedha nyingi. Boga alifariki siku ya pili saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Fondo.

Katika uchunguzi, daftari la meli lilionyesha simu moja tu, ile ya kwanza. Nahodha alisema hakuambiwa zaidi. Feisal alisema simu ya jibu hakuiandika kwa kuwa laini ilikuwa ikikatika, naye alisikia "mwangalieni", basi. Ile fomu yenye neno "tumbo" ikawekwa mezani. Kampuni iliandika kwamba ofisa Fondo alikosea kutambua ugonjwa, na tangu hapo hakuna wakala aliyempa meli. Mwaka uliofuata Feisal alipandishwa cheo, na baadaye akawa nahodha. Eunice aliuliza mara nyingi, na kila mara Fondo alimtetea mdogo wake. Laini za baharini hukatika, alisema. Zinakatika sana.

Kuanzia mwaka 2019 Fondo aliwafundisha huduma ya kwanza waokoaji wa ufukweni na manahodha wa boti za watalii Galu. Hakumwacha mwanafunzi yeyote amsikilize mgonjwa kwa masikio peke yake. "Mwambie aweke kidole," alisema. "Neno humdanganya hata mwenyewe."

Alitaka jambo moja tu maishani: Bi. Mishi, mjane wa Boga, aujue ukweli. Kituo cha madaktari wanaopigiwa na meli huhifadhi maandishi ya kila simu, lakini hakimpi mtu ila mwenye meli au jamaa wa mgonjwa. Mwenye meli alikataa. Akabaki Mishi, na ilimbidi Fondo aende kuomba saini kwa mtu aliyemchukia kuliko wote.

"Wewe ndiye Fondo? Yule wa vidonge vya kiungulia?"

"Ndimi, mama."

"Mume wangu aliniambia, huku kuna mtu wetu wa Kwale, nikiugua nitasema kwa lugha yangu. Akasema kwa lugha yake. Wewe uliyesikia, ulisikia nini?"

"Nilikosea, mama. Ile saa moja ya kwanza ni yangu, na nitaijibu kwa Mungu. Zilizofuata si zangu."

"Nenda zako."

Alikwenda, akarudi, akafukuzwa mara tatu nyingine. Mwaka 2023 figo zake zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa juma. Januari mwaka huu Mishi alimkuta kwenye benchi la hospitali Msambweni, amekonda.

"Umenifuata mpaka huku na karatasi yako?"

"La, mama. Leo nimefuata figo."

Mishi alicheka. Kisha akanyoosha mkono. "Ilete hiyo karatasi."

Majibu yalifika tarehe 6 Mei 2025. Mishi aliyaleta mwenyewe Mwabungo, na Eunice akayasoma kwa sauti. Simu ya pili ilikuwamo. Ushauri ulikuwamo: ni moyo, geuzeni meli sasa, nendeni Viktoria, Shelisheli, mwendo wa saa kumi na moja. Mishi alihesabu kwa vidole mpaka saa aliyokufa mumewe, saa saba zikabaki. Aliinuka, akapiga magoti mbele ya kitanda cha Fondo na kumwita kaka. Fondo alikuwa bado anausikiliza mstari wa mwisho, akaomba usomwe tena. Uliandikwa hivi: "Ofisa wa zamu ameurudia ujumbe neno kwa neno, mara mbili."

"Kumbe alisikia," alisema.

Eunice akamwambia, "Mpigie simu umuulize."

"Nimuulize nini? Miaka saba nimeisingizia laini."

Karatasi ile ilimrudishia jina, nayo ikamnyang'anya mtu. Baada ya siku hiyo hakuzungumza tena habari za meli. Alifariki nyumbani kwake Mwabungo, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa mbili asubuhi, Eunice akiwa kando yake. Nakala ya karatasi imebandikwa mlangoni, kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Eunice, watoto, Mapenzi na Karisa, na mjukuu mmoja, Neema. Kuhusu ndugu, aliagiza mwenyewe namna ya kusoma, nasi tunasoma kama alivyoagiza. Ameacha ndugu wawili, Hasina na Zuma. Nahodha Feisal akija, alisema, apewe kiti na chai kama mgeni mwingine yeyote. Amekuja, na amepewa.

Fondo apumzike sasa. Amani aliyonyimwa na aliyemwita ndugu, Mungu amjalie.