Kwa Nini Mama Pacha Anaacha Kazi

Nje ya karakana ya kushona sare kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya makreti mawili, na hapo ndipo mafundi hunywa kahawa asubuhi, cherehani zikinyamaza. Ubao umebonyea katikati, anapokaa Bonge, mpiga pasi, kwa hiyo kila anayekaa naye huishia kumwegemea, apende asipende. Redio, fundi mwenye maneno mengi, hukaa pembeni kabisa kwa sababu mikono yake inataka nafasi anapoongea. Kamanda, msimamizi wao, hukaa palipobaki. Siku hiyo kahawa ilimpolea mkononi. Mama Pacha, mkataji vitambaa ambaye Kamanda hajapata kuona mfano wake, alikuwa amemwambia mlangoni kwamba Ijumaa anaacha kazi. Akapita zake, sababu hakutaja.

– Ni usingizi tu, alisema Bonge. Watoto wawili kwa mpigo! Mwili umegoma.

– Usingizi wapi? Redio alidakia. Mama wa watu ameshanunuliwa! Wale wa karakana ya ng'ambo wanataka siri ya mifuko yetu.

– Mifuko yetu ina siri gani, we Redio? Si inatoboka?

– Hiyo ndiyo siri yenyewe!

Kamanda hakucheka.

– Jamani, nimemkosea nini? Aliporudi kutoka likizo ya uzazi, si nilimtoa kwenye meza ya kukatia nikamweka kwenye vifungo? Nikasema akae, apumzike. Hata oda ya sare za wauguzi ilipoingia, sikumwita kikaoni. Nilitaka kumpunguzia mzigo.

– Umemlea kama yai, alisema Bonge. Mimi hata mke wangu sijamfanyia hivyo.

– Tunajua. Mkeo anatuambia.

– Wewe nyamaza, uliyepewa mkasi wa Mama Pacha ukakata mikono ya kushoto mitupu! Muuguzi gani ana mikono miwili ya kushoto?

– Kitambaa kiliteleza.

– Kutwa nzima?

Redio akaona abadilishe mada kabla hajafika pabaya.

– Basi ni vifungo vyenyewe. Sikilizeni. Kifungo kina vitundu vinne. Ukivitazama kutwa, na vyenyewe vinakutazama. Binamu yangu alichambua maharage wiki nzima, mpaka leo akiona kitu cha mviringo anahama chumba.

– Na kikombe cha chai anakishikaje?

– Anafumba macho!

Bonge alicheka mpaka ubao ukalia, na dada mmoja aliyekaa upande wa pili akainua kikombe chake kisimwagike. Huyo dada alileta maboksi ya nyuzi, ndiyo kwanza anafika hapo, na alikuwa akingoja mtu wa kuyapokea.

– Kaka, alimwambia Bonge, na wewe una watoto?

– Watatu! Bonge akatoa simu haraka. Huyu wa mwisho ana miezi mitano. Halali, nakwambia! Usiku kucha mimi na yeye tunazunguka sebuleni kama walinzi.

– Mzuri, hongera. Sasa alipozaliwa, wewe ulihamishiwa wapi?

Bonge akairudisha simu mfukoni. Akamtazama Kamanda. Redio naye mikono ikamlalia mapajani.

Kamanda alikumbuka vizuri. Mtoto wa Bonge alipozaliwa, alimpa mkono wa hongera, akamwongezea zamu. Hakuwaza mara mbili. Alikimwaga kile kilichobaki kikombeni, akaingia ndani.

Mama Pacha alikuwa peke yake, bakuli la vifungo mapajani.

– Nilikuhamisha bila kukuuliza, alisema Kamanda.

– Ndiyo.

– Nilidhani umechoka.

– Nimechoka sana. Nina watoto wawili wanaopokezana kulia. Lakini kukata sijasahau.

– Basi nikusaidieje?

Mama Pacha aliweka bakuli chini. Tangu arudi, kila mtu alikuwa akimsaidia, na swali hilo hakuna aliyemuuliza.

– Nirudishie meza yangu. Vikao niitwe. Na mchana nipate chumba cha kukamulia maziwa, chenye mlango, siyo kule nyuma ya marobota Redio anakojificha kuvuta sigara. Nikizidiwa nitasema, mdomo ninao.

– Na Ijumaa?

– Ijumaa tutaona umefikia wapi.

Akasimama, akaenda kwenye meza ya kukatia, akaisukuma kando ile mikono ya sare aliyokata Redio bila kuuliza ni ya mnyama gani. Akatandaza kitambaa, akakikunja, akakilainisha kwa kiganja. Kamanda akamkimbilia na kiti.

– Cha nini hicho? Hapa mtu hukata amesimama. Wewe nenda katafute mlango.