Suti ya Daraja la Kwanza

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, ukutani pa duka langu la fotokopi. Fundi na cherehani yake upande mmoja, Kinyozi na kioo chake upande wa pili. Mwenye kahawa huweka birika katikati, na hapo mambo ya dunia huamuliwa na watu ambao hakuna aliyewauliza. Jumapili hiyo alasiri alikuja Balozi. Si balozi wa nchi yoyote: aliwahi kuendesha gari la balozi, balozi akaondoka, cheo kikabaki kwa dereva. Ni mgane, na siku hiyo alikuwa anasubiriwa nyumbani kwa kaka yake Sista, yule muuguzi wa hospitali ya hapo juu, akajieleze kwamba anataka kumuoa. Kaka mtu ni mwalimu mkuu mstaafu. Ameshamkataa mchumba mmoja kwa sababu ya shati lisilopigwa pasi. Kwa hiyo sote tulitazama mavazi kwanza.

Yalikuwa ya kijivu juu mpaka chini, laini, mikono mirefu, vifungo vitatu shingoni, nembo ndogo ya dhahabu kifuani. Shingoni alikuwa amevaa kitu cheusi cha kitambaa, mfano wa miwani iliyokosa vioo.

— Mnaonaje? aliuliza Balozi, akizunguka polepole.

— Umependeza, alisema Kinyozi. Sijui umependeza kama nini, lakini umependeza.

— Kaniletea mpwa wangu. Kasafiri daraja la kwanza! Bosi wake alibanwa na shughuli, tiketi ikamwangukia yeye. Huko mbele ya ndege kila abiria anapewa zawadi za kuondoka nazo. Ndiyo mila yao.

Fundi aliinuka, akavuta kiuno cha suruali, akakiachia. Kikarudi kwa kishindo.

— Suti haina mpira kiunoni, Balozi.

— Suti ya huku chini haina. Hii ni ya angani. Angani tumbo linajaa.

— Na mifuko iko wapi?

— Tajiri abebe nini mfukoni? Ana watu wa kumbebea.

Nikaona nimsaidie kabla hajaharibikiwa.

— Balozi, hizo ni nguo za kulalia. Wanapewa wavae walale.

— Dada, wewe umesoma, lakini hapa umeteleza. Mtu alipe tiketi ile, halafu alale?

Benchi zima likanigeukia. Hoja hiyo sikuikuta chuo kikuu.

— Na hiyo tai? akauliza Kinyozi.

— Tai ya mpira. Wale hawana muda wa kufunga fundo.

— Hiyo si tai, hiyo ni ya macho, alisema Kinyozi, ambaye aliwahi kumnyoa mtu aliyewahi kufagia uwanja wa ndege. Wale wa nyuma wakipita kwenda kwenye viti vyao, wanakodoa. Tajiri akikodolewa, chakula hakishuki. Basi anajiziba macho, anahesabu kwamba hawapo.

— Muongo wewe! alidakia Fundi. Ni kwa sababu ya rubani. Rubani wa daraja la kwanza anacheza na ndege, anaipindua miguu juu kuwaburudisha. Ukiangalia dirishani utaomba kushuka.

— Kwani wana rubani wao?

— Ulidhani wanaendeshwa na huyo huyo wa kina sisi?

Mwenye kahawa, ambaye huongea mara chache na kila mara huharibu, aliweka birika chini.

— Mimi nilisikia wanatangulia kufika. Ndege moja, lakini wao wanatua kwanza. Wanaoga, wanakula, ndiyo mkia unafika.

Hakuna aliyebisha. Lilikuwa na mantiki yake.

— Na kuna watu wanakusanya hivyo vitu, Kinyozi aliendelea. Vikombe, vijiko, soksi, vichupa vya chumvi. Wanavipanga kwenye kabati la kioo, wageni wakija wanaonyeshwa. Kuna mzee ana vichupa vya chumvi vya ndege zote, na mboga ya nyumbani kwake inaliwa chapwa, haruhusu kiguswe hata kimoja.

— Ukiondoka na kijiko cha mgahawa hapa unaitwa nani? aliuliza Fundi.

— Mwizi.

— Na kule?

— Mkusanyaji.

— Basi ivue, Balozi. Ukishaivaa imepoteza hadhi. Mpelekee kaka mtu ikiwa kwenye mfuko wake, umwekee mezani aione.

— Na mimi niende nimevaa nini, mfuko?

Tulicheka, yeye hakucheka. Akakaa ukingoni mwa benchi, taratibu, asiikunje.

— Nyinyi chekeni. Yule mzee kaniona miaka yote nikimfungulia mlango wa gari mtu mwingine. Leo anione japo mara moja kama mtu wa kiti cha nyuma. Akinikataa leo, sina tena uso wa kurudi.

— Cha nyuma kwenye gari, cha mbele kwenye ndege, Fundi alinong'ona. Wakubwa hawaeleweki wanakaa wapi.

Hapo ndipo Sista alipotokea kona, katoka zamu, bado yuko ndani ya sare. Alisimama mbele ya Balozi. Akaitazama nguo, akamtazama usoni, akaitazama nguo tena.

— Umelazwa lini?

— Sijalazwa, mama.

— Nani kakuruhusu kutoka? Wodi gani?

— Daraja la kwanza, alisema Balozi, kwa kuwa ndilo neno pekee lililokuwa mdomoni mwake siku nzima.

Sista alimshika mkono, akawa anatafuta mapigo.

— Vile vyumba vya kulipia? Umelala juu ya kichwa changu, na mimi niko chini nagawa dawa, sina habari?

Akamgusa paji la uso kwa mkono wa pili. Hata Fundi aliacha kutafuna kijiti chake.

Balozi akaeleza: ndege, mpwa, zawadi, suti. Kinyozi akaongeza habari za rubani, ambazo hakuulizwa. Sista alisikiliza mpaka mwisho bila kuachia ule mkono. Kisha akamvua kile cheusi shingoni, akakitia kwenye mfuko wa sare yake.

— Na ile suruali yako ya kahawia, alisema, uliyovaa siku tuliyokaa wote getini mpaka mvua ikakatika, ina ubaya gani?

Fundi alitazama cherehani. Kinyozi alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi na digrii yangu tukatazama barabara. Balozi aliinuka, akaondoka kuelekea kwake. Kwanza akitembea kama balozi, halafu, alipofika kona, akikimbia.